Kipande cha Taya Kimevunjika

Shoga, unakumbuka jirani alivyoniuliza, "Hivi wewe mama, huogopi kusafisha chumba cha mifupa cha makumbusho peke yako?" Nikacheka, nikamwambia mfupa haumli mtu. Leo naogopa.

Ni yule mnyama wa kale niliyekusimulia, mla nyama mwenye manyoya kama kuku. Dunia nzima wana vipande vichache tu vya fuvu lake. Sasa cha taya kimevunjika!

Aliyekiangusha ni Daktari, yule msomi anayechunguza mifupa hii ya kale. Nimemwona kwa macho yangu, nikipiga deki pale mlangoni. Akanigeukia, "Mama, utasema ulikuwa unapangusa vumbi. Wewe watakuhurumia, ni mjane."

Ni mjane! Yaani marehemu wangu kaburini ndiye awe ngao yake!

Mara mkurugenzi huyo, kaingia. "Nani kafanya hivi?" Daktari akaniwahi, "Ni mama hapa, bahati mbaya tu." Hata kope hakupepesa, shoga. Mama hapa!

Kibarua changu ndicho hicho, unajua, sina kingine. Lakini kusema uongo mbele ya Mungu siwezi. Nikasema, "Bosi, Mungu ananiona, sikukigusa."

Mkurugenzi akatazama mikono yangu, inachuruzika maji ya deki. Akatazama vile vipande, vikavu kabisa. Akatazama glovu za Daktari, nyeupe kwa vumbi la mfupa. Nikangoja aseme chochote, hata anifukuze.

Akakusanya vipande kwenye kisanduku, akatoka. Akaniacha humu na Daktari.