Mikono Iliyofunga Breki

Lanet, Nakuru
Jumatano jioni

Kwako Baba,

Salamu nyingi kutoka huku Lanet. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba mguu wako umepunguza kuvimba tangu tulipoachana mazishini. Mama je, ameanza kula? Dada Nerima aliporudi jana aliniambia Mama bado anasukuma sahani pembeni kila jioni. Mimi mwili ni mzima. Mvua ya huku inanyesha kila siku saa tisa, na njia ya kwenda gereji imekuwa tope tupu.

Najua utajiuliza kwa nini naandika na simu iko mfukoni. Nilikupigia mara tatu. Kila ukiitika naishia kukuuliza habari ya ng'ombe. Kwa hiyo nimemwomba Nerima arudi tena kesho akupe barua hii mkononi kabla ya Jumamosi. Tafadhali isome yote kabla ya kumwita mtu yeyote, hata ukikasirika katikati. Hasira zako nazijua, ndizo hizo nilizorithi.

Siku ile ulipokuwa ukimwagia kaka Khaemba udongo kaburini, ulisema mikono iliyofunga breki za gari lile isifunge kitu kingine duniani. Watu wengi walidhani ni uchungu wa mzazi. Wale watoto watatu wa shangazi Nabalayo walisikia amri. Ijumaa iliyopita walishuka kwenye basi hapa Nakuru, nikawapokea mimi mwenyewe, nikawalisha chapati na maharagwe, nikawapeleka mpaka kwa Kipkemoi fundi.

Kipkemoi alikuwa peke yake gerejini, amelala chini ya pikapu ya mteja. Walimvuta kwa miguu. Mkubwa wao alimpiga teke la mbavu kabla hajasimama, wa pili akampasua nyusi kwa spana ya magurudumu, damu ikamjaa jichoni. Alikuwa akiuliza amekosa nini, nao wakamwambia amemuua Khaemba kwa breki mbovu. Kisha wakamburuta hadi mezani, wakaubana mkono wake wa kushoto kwenye vaisi, kile chuma cha kubania vitu vya kukatwa, wakaupiga nyundo. Vidole vilivunjika kimoja baada ya kingine, na nilivisikia. Wa kulia haukubanwa. Wa kulia ulishikwa juu ya meza, na aliyeushika ni mimi.

Hakuniomba nimwachilie. Alinitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linaona, akasema, “Max, kiti.” Basi. Vijana wakacheka, wakamwambia atapewa kiti mochari. Mimi peke yangu nilielewa, na bado sikuuachilia mkono. Nyundo ikashuka.

Sasa jana mkubwa wao amenipigia. Amesema, “Uncle bado hajaridhika, bro. Jumamosi tunakam tuchome hiyo gereji na mwenyewe akiwa ndani.” Kipkemoi anatoka hospitalini Ijumaa, na hana pengine pa kulala ila chumba cha nyuma ya gereji. Neno lako ndilo lililowatuma, Baba. Neno lako ndilo litakalowazuia, langu hawalisikii.

Nitakueleza maana ya kile kiti, lakini lazima nianze na gari lenyewe. Ile Land Rover kuukuu Khaemba na Kipkemoi waliikuta nyasi zimeota ndani. Miezi minane waliijenga upya kwa ajili ya mashindano ya kupanda makorongo kule juu ya Kabazi. Waliinua springi hata Mama angehitaji ngazi kuingia, wakafunga tairi za matope zenye meno, wakaweka mbele winchi ya kujivutia likikwama. Mimi mchango wangu ulikuwa mmoja, kuwasumbua waondoe sailensa. Kipkemoi alikataa, akasema korongoni dereva huendesha kwa masikio. Nikamwambia gari lisilonguruma ni la padri. Khaemba akacheka, akanikubalia kwa sababu mimi ndiye mdogo. Tangu siku hiyo, ukiwa ndani, mtu akikuita mlangoni humsikii.

Niliamini gari la namna ile linapanda lenyewe. Miaka mitano naendesha kanta, lile lori dogo la mkate, Milimani na mjini, nikajiita dereva. Khaemba alizoea kunitania kwamba lami haijawahi kumfundisha mtu kitu. Yeye kila mahali pabaya alizima injini, akashuka, akatembea njia yote kwa miguu akipima mawe kwa kiatu, ndipo akarudi kwenye usukani. Mimi nilimwona mwoga.

Jumamosi ile tulikwenda Kabazi wawili tu. Akapanda korongo polepole, gea ndogo, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Aliposhuka nikataka zamu yangu. Akakataa, akasema nitavunja walichojenga. Nikamwambia kwetu kila kizuri hupewa yeye kwanza, mimi nabakiziwa. Akacheka, na kile kicheko ndicho kilichoniwasha. Nilimpiga ngumi ya mdomo. Alinirudishia moja, nikaanguka juu ya mawe, akanikalia kifuani na kunizaba makofi mpaka pua ikatoa damu. Nikamuuma mkono. Ile alama uliyoiona mochari ukasema ni ya mwiba, ni meno yangu.

Alipochoka alisimama, akanitupia ufunguo. Akasema, “Haya, shika. Panda tuone.”

Khaemba alikuwa mrefu, kiti cha dereva alikisukuma nyuma hadi mwisho. Mimi nimetoka upande wa Mama, nisipokivuta mbele mguu haufiki klachi. Nilikivuta. Baada ya ajali, Kipkemoi alipokuja kulichukua gari alikikuta kimevutwa hivyo hivyo, akajua nani alikuwa kwenye usukani. Niliwaambia nyote kwamba Khaemba aliegesha mwenyewe mlimani, akapita nyuma, breki zikaachia. Niliwadanganya. Breki zile zilikuwa nzima kabisa.

Nilipanda kwa kasi kama ninayefukuzwa. Tairi zikazunguka bure, gari likakwama juu ya mwamba. Khaemba akanionyesha kwa mkono nirudi nyuma nianze upya, akaenda nyuma kuniongoza. Unakumbuka alivyokuwa makanga wa matatu za Nyahururu. Kofi moja kwenye bodi ni simama, makofi mawili ni twende. Tulitumia ishara hizo. Gari lilikuwa limeinuka mno, mbele naona mbingu tu, na kioo cha nyuma kimezibwa na tairi la akiba. Eksozi ilikuwa inanguruma, ile niliyoitaka mimi. Yeye angezima, angeshuka, angeangalia. Mimi nilikuwa na damu puani na aibu, sikutaka kushuka mbele yake.

Nikarudi nyuma. Nikasikia makofi mawili. Nikarudi zaidi. Gari likagoma kidogo, nikadhani ni jiwe, nikakanyaga mafuta.

Baadaye niliona viganja vyake kwenye tope la mlango wa nyuma. Havikuwa viwili, Baba. Nilihesabu mpaka kumi na kimoja nikaacha. Alikuwa amebanwa kati ya gari na ukingo wa korongo, akipiga kofi moja, tena moja, tena moja, akiniambia simama, na ule mngurumo ukanipitishia mawili tu.

Nilipolisogeza gari mbele alianguka kifudifudi. Kiuno kilikuwa kimesagika. Mkulima mmoja wa viazi alitubeba kwenye Probox yake, na kaka alikata roho kabla ya Subukia, kichwa chake mapajani mwangu, damu ikimtoka mdomoni hata jina langu halikuweza kupita. Mkulima akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia breki. Uongo ulinitoka kabla ya machozi.

Nimemuua kaka yangu kwa ujinga wangu, na hilo pengine Mungu ataliangalia. Mkono wa Kipkemoi niliushika nikiwa na akili timamu, nikijua kwamba hana kosa, ili nyundo imnyamazishe mtu pekee aliyejua.

Jumapili nilikwenda hospitalini. Nilimkuta mikono yote miwili imefungwa plasta, uji umewekwa mezani unapoa. Nikamlisha, nikamwambia yote. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, na alikuwa akingoja nimalize kumzika ndugu yangu, kisha niseme mwenyewe. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza.

Kesho asubuhi nakwenda polisi. Nitaandikisha ya korongoni na ya gerejini, na majina ya wote wanne, la kwanza likiwa langu. Wewe wapigie wale vijana usiku huo huo utakaposoma. Waambie breki zilikuwa nzima. Ukitaka kunilaani, nilaani, lakini taja jina langu vizuri wasikosee tena mtu.

Nisalimie Mama. Usimsomee barua hii, mwambie kwa maneno yako, na uwe umemshika. Nisalimie shangazi Nabalayo na majirani wote waliotuchimbia kaburi.

Nimemsomea Kipkemoi barua yote hii kitandani kabla ya kuifunga, maana hawezi kushika karatasi. Nikamwuliza kama ana la kuongeza. Amesema nikuandikie kwamba anakusalimu sana, na pole kwa kufiwa. Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, hakupata nafasi ya kukupa mkono.

Ni mimi mwanao,
Maxwel