Siku Mbili Zaidi Ziwani

Jumatatu, 1 Novemba 1954. Ruiru.

Kesho safari. Uganda! Maziwa ya milimani, mbuga ya Malkia, siku kumi kwenda na kurudi. Bwana Kiberiti ameshachora njia kwenye ramani. (Tunamwita hivyo shambani kwa sababu huwaka upesi.) Mimi mpishi, Jared dereva. Nimepakia sufuria, karabai, hema mbili, unga wa mkate, na biskuti za memsahib, mkewe — bati zima.

Jana mke wangu Wangeci alitembea kutoka kwetu Kiganjo hadi hapa. Kwa ajili ya hii hali ya hatari, kilima chetu kizima kinahamishwa kuingia kijiji kipya cha serikali, nyumba mistari mistari, mtaro kuzunguka. Mwisho Jumatatu tarehe 15. Nyumba ya zamani itakayobaki itachomwa. Kaka yake Wainaina amejitolea kunisimamishia nguzo za nyumba mpya. Nikakataa. Kwetu mwenye nyumba ndiye huchimba mashimo, mwanamke akakandika. Nguzo za mke wangu zisimamishwe na shemeji, na mimi ni mzima? Watu wangesema nini! Nikamwambia: msiguse kitu, narudi tarehe 11, nitakuwa na siku tatu nzima. Akasema sawa. Hakuonekana kufurahi.

Jumatano, 3 Novemba. Nje ya Eldoret.

Mvua tu. Nakuru polisi walinishusha peke yangu. Mkikuyu unakwenda wapi? Bwana akasema, "Huyu ni wangu," akatoa pasi yangu, karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Inakaa mfukoni mwake pamoja na kiko. Jared hakuulizwa hata jina, yeye Mjaluo. Alinitania: "Omera, ndugu yangu, tukifika kwetu Kisumu nitakuita Omondi. Lakini ule samaki na kichwa chake!" Nikacheka. Baadaye sikucheka tena.

Jumapili, 7 Novemba. Karibu na Fort Portal.

Hapa milima imetoboka juu, na kila shimo lina ziwa lake. Moja kijani, jingine jeusi kabisa. Memsahib alitokwa na machozi kwa uzuri wake. Nilishuka kuchota maji ya chai, nikasimama pale na debe. Hakuna nyumba, hakuna askari, hakuna mtaro. Mtu angejenga popote apendapo. Moyo ukawa mzito, chai ikachelewa, nikagombezwa.

Jumanne, 9 Novemba. Mbugani.

Viboko wanakoroma usiku kucha kama wazee. Leo gari lilizama kwenye tope kwa muda wa saa tano nzima. Tembo walitupita wakaenda zao. Jared na mimi tulisukuma, bwana akapiga picha.

Leo tungekuwa tumegeuza. Lakini kwenye chakula Mzungu mmoja mgeni alisema Bunyonyi, kule Kabale, ni ziwa zuri kuliko yote haya. Siku mbili zaidi tu, memsahib akasema. Siku mbili tu, bwana akasema. Nilikuwa nimesimama hapo na bakuli la supu.

Jumatano, 10 Novemba.

Nimemwomba bwana. Nilimweleza yote — nyumba, mama yangu mzee, tarehe 15. Anipe pasi yangu nipande treni Kampala. Akasema bila yeye nitashikwa Tororo mpakani na kutupwa kambini kizuizini, na je, nani atapika? Hakuwaka. Afadhali angewaka. Akasema atamwandikia D.O., ofisa wa serikali wa kwetu, barua asogeze siku. Nimengoja. Hajaandika.

Ijumaa, 12 Novemba. Kabale.

Bunyonyi. Visiwa vingi, ukungu, baridi ya kuuma meno. Nalichukia hili ziwa. Halina kosa, lakini nalichukia.

Jared alinichukua kando. Kuna posta mjini, akasema. Mpigie shemeji simu ya maandishi, asimamishe hizo nguzo. "Nguzo ni mti tu, ndugu yangu. Mama yako alale pakavu." Maneno ya kweli. Tukaenda. Nikashika kalamu, nikaandika SIMAMISHA. Nikaitazama. Nikaona wanaume wa kilima chetu wakipita mbele ya nyumba yangu, wakiulizana nani aliijenga. Nikakata. Nikaandika: NAKUJA NGOJENI.

Jared alisoma, akatingisha kichwa. Nikamwambia tukikazana tutafika. Tutapikaje, tutalala wapi, haidhuru, tutafika.

Jumapili, 14 Novemba. Masaka.

Daraja limefunikwa na maji. Bwana anavua samaki. Kesho ndiyo tarehe 15.

Jumatano, 17 Novemba. Ruiru.

Tumefika saa nane mchana. Wainaina alikuwa langoni mwa shamba, ananingoja. Hakunisalimia.

Jumatatu asubuhi homgadi, wale askari wa serikali wa kilimani kwetu, walichoma nyumba. Vitu vimeokolewa nusu. Jumamosi Wainaina alikuwa ameshakata miti yote, hata mashimo mawili ameshachimba — aliamua asinisikilize. Ndipo simu yangu ikafika. Akamsomea Wangeci. Wangeci akamwambia aache: mwenye nyumba amesema tungoje. Sasa wamelala usiku mbili kwenye kiwanja chetu cha kijiji kipya, chini ya mkeka, mvua juu. Mama anakohoa, kifua kinapiga kelele.

Nililia mbele ya shemeji. Aibu niliyokuwa naikimbia ikanikuta papo hapo.

Bwana amenipa pasi ya kesho, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kesho usiku ana wageni, wataonyeshwa picha za maziwa. Anataka kuku wa kuoka.

Alhamisi, 18 Novemba. Kijijini.

Askari wa lango alinikalisha hadi saa nane, akiisoma pasi juu chini. Wangeci hakuuliza habari za safari. Alininyooshea jembe tu. "Miti ile pale."

Nikachimba. Mashimo yanajaa maji kabla sijamaliza. Nilimwendea Wainaina mwenyewe, mbele ya majirani, nikasema, "Shemeji, nisaidie." Akavua koti. Tukasimamisha nguzo tisa. Saa kumi homgadi wakaja kumchukua kwenda kuchimba mtaro, kazi ya lazima. Paa bado. Nyasi bado.

Sasa imepita saa kumi na moja. Mama ana moto mwilini. Amelala, kichwa kwenye paja langu, ndiyo maana naweza kuandika. Alipofumbua macho aliniuliza kama nimekula. Wangeci anashindilia udongo kwa miguu, anazunguka nguzo moja, anakwenda nyingine. Wingu jeusi limekaa upande wa Thika.

Filimbi ya kwanza. Hiyo ni ya wageni wote watoke. Na mimi hapa ni mgeni, ndivyo pasi inavyosema. Nikitoka, wanalala tena kwenye maji. Nikibaki, nimepoteza pasi, nimepoteza kazi, na huko kambini sitajenga nyumba ya mtu yeyote.

Wangeci amesema niende, bwana anangoja kuku wake. Hakusema kwa ubaya. Amesema huku akivuta mti mrefu wa paa kwenye tope, peke yake, hauinuki.

Filimbi ya pili. Wanafunga lango. Sijainuka.