Bibi Yako Alikaa Nyuma

Mjukuu wangu Kombo, salamu aleikum. Huku wazima, mimi na kuku.

Unauliza kwa nini kigari chako kikuukuu hukata kiuno ukikanyaga breki kwenye mvua. Umemuuliza bingwa! Breki za nyuma zinashika kabla ya za mbele.

Mimi, dereva wa kwanza Pemba nzima, nilishusha karafuu Wete, nikarudi na lori tupu, bibi yako kando yangu. Mteremko wa Mgogoni nikakanyaga breki. Lori likageuka, likatazama lilikotoka. Bibi yako akacheka: "Bwana we, nyuma kwepesi. N'takaa mimi."

Akawa akikaa nyuma kila tukirudi bila mzigo, mpaka fundi akazirekebisha breki.

Nawe usiendeshe tena kabla ya kumwona fundi. Kisha njoo. Tangu bibi yako atangulie, nyuma kwangu kwepesi.

Babu yako