Nilisafisha Picha ya Binti Yangu, Sasa Haniangalii

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kwa mwandiko maana naandika juu ya kaunta huku wateja wanaingia. Mimi ni mpiga picha wa studio, mwaka wa kumi na saba huu, picha za pasipoti, za vitambulisho, za familia zilizoshona sare, na mteja haondoki kwangu na chunusi kwa sababu huwa nazifuta kwenye kompyuta kabla sijachapisha, mtaani wananiita Fundi Sabuni, na ubaya wake sikuwahi kuuona mpaka mwezi uliopita.

Binti yangu ana miaka kumi na minne, na tangu mwaka uanze uso umemchafuka kama sisi sote ulivyowahi kutuchafuka, basi akawa anakula ameinamia sahani, ukimuuliza jambo anakujibu kwa mabega, kioo cha bafuni akakigeuzia ukutani hata mimi nikawa nanyoa ndevu kwa kubahatisha. Shule ilipotaka picha za vitambulisho vipya alikuja studio akakaa, nikampiga picha, kisha nikasema moyoni, leo nimfae mwanangu, nikafuta chunusi, na nisikufiche mshauri, sikuishia hapo, nikapunguza pua kidogo, nikarudisha masikio nyuma, nikamng'arisha, mkono uliozoea kazi haujui kusimama.

Siku ya kwanza ya kutumia kadi, mlinzi wa geti aliitazama, akamtazama binti, akamuuliza kama ameazima kitambulisho cha dada yake. Binti akasema ni mimi. Mlinzi ni mtu wa sheria, akamweka kando mpaka mwalimu aje, na wenzake wanapita mmoja mmoja wanachungulia kadi, wanachungulia uso. Aliporudi nyumbani aliiweka kadi mezani mbele yangu akasema polepole, "Baba, kumbe hata wewe huu uso huutaki."

Nikamwambia nilikuwa namsaidia tu, akaingia chumbani. Hapo hofu ikanishika, nikasoma mahali kwamba kijana asifiwe ndipo ajiamini, nikaanza, asubuhi namwita mrembo, mchana malkia, akinipitishia chumvi namwambia ana vidole vya kipekee, hadi mama yake akaniambia niache, namtisha mtoto. Sikuacha, mshauri. Nikaichukua ile picha yake ambayo haijasafishwa, nikaichapisha ukubwa wa mlango, nikaitundika kwenye dirisha la studio na maandishi UZURI WA ASILI, na dirisha hilo shule nzima hupita mbele yake.

Sasa anavaa sweta yenye kofia, kamba ameikaza hata akiwa mezani, naona pua tu, na akitaka maji anamwambia mama yake amwambie baba asogeze jagi, na jagi liko mbele yangu. Hata studio, anakonipokelea simu baada ya shule, huongea na wateja tu. Mtoto huyu nampenda kuliko macho yangu. Nifanye nini?

Fundi Sabuni

*

Fundi, pole. Nilikucheka kwanza, kisha nikamhurumia binti, wewe ukaja wa tatu.

Hiyo picha ya dirishani kaishushe sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Nakungoja.

Umerudi? Haya. Kijana wa miaka kumi na minne anajipima kwa macho ya watu, na macho ya kwanza ni ya nyumbani kwao. Ulipoipunguza ile pua ulimjibu swali ambalo hata hakuwa amekuuliza. Halafu ukamfungulia bomba la sifa. Mtoto si mjinga, Fundi. Anajua vidole vyake si vya kipekee, ni vidole, na mtu anayevisifia hivyo lazima ana jambo analificha.

Sasa nikwambie nilichofanya. Juzi nilipiga ile namba uliyoiandika chini ya barua. Msichana akapokea, akasema baba yuko na mteja, yeye anaweza kunisaidia. Nikajifanya nataka picha ya pasipoti. Akaniambia nisivae nguo nyeupe maana nitapotelea ukutani, nivue hereni, masikio yote yaonekane, na kama ni Jumamosi nije mapema kabla foleni haijawa ndefu. Nikamuuliza kama mnasafisha picha. Akashusha sauti.

"Tunasafisha, mama," akasema. "Lakini nakushauri ukatae. Uhamiaji watakurudisha."

Huyo ndiye unayeniambia hajiamini? Kujiamini anako, tena kwa mambo anayoyajua, na hapo ndipo pa kumsifia. Mwambie alivyompokea mteja vizuri kwenye simu. Sifa moja kwa siku inatosha, na iwe ya jambo alilolifanya kweli. Usimwambie mteja alikuwa mimi.

Kesho mtafute akiwa peke yake umwambie: nilikosea, niliubadilisha uso wako bila kukuuliza. Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze "lakini nilitaka kukusaidia," kwa sababu hiyo "lakini" ndiyo inayokaza kamba ya kofia. Kisha nendeni wote wawili shuleni mkaombe kadi mpya, picha aichague yeye, hata kama ni ile aliyonuna, na mlinzi umwambie kwa kinywa chako kwamba kosa lilikuwa la baba. Kama chunusi zinamsumbua, mpeleke zahanati, akaingie aulize mwenyewe. Wewe kaa nje kwenye benchi.

Na siku akikwambia tena kwamba ni mbaya, maana atasema, usimbishie na usikimbilie kumwita malkia. Muulize leo kumetokea nini. Kisha keti usikilize mpaka amalize, na ataanza mbali, kuna rafiki, kuna rafiki wa rafiki, utachanganyikiwa. Sikiliza hivyo hivyo. Kama ni saa za kazi, geuza kile kibao cha mlangoni kisomeke TUMEFUNGA. Wateja wa pasipoti watarudi kesho.