Misaipresi ya Mjomba

Mama Wegesa mpenzi,

Rukuba hamjambo? Mimi nipo Butiama, nakula ugali wa mtama. Mtumbwi wetu umeoza na bila mbao hatuvui, ndiyo maana nimezifuata huku, lakini zimenichanganya kichwa.

Mjomba Mugeta ana safu mbili za misaipresi, ile miti ya mbao. Ya kwanza aliipogoa na kuipunguza vizuri, kama bwana misitu alivyofundisha. Imekauka kwa vidukari. Ya pili aliisahau. Hiyo ni ya kijani, ila imejaa matawi na vifundo.

Bwana misitu mwenyewe amekuja kutoka Bunda. Serikali imempunguza kazini, sasa ananunua miti.

"Kata ya kijani kabla mdudu hajafika," akasema.

"Si ulisemaga tukate migonjwa tu?" Mjomba akauliza.

"Nilikuwa na mshahara, mzee." Akatazama juu. "Na vilele nani alikata? Mti ukikosa kilele unagawanyika, mbao ndefu huzipati."

"Tunapelekaga kanisani Krismasi. Ulitaka tupambe na mihogo?"

Aliyoitunza imekuwa kuni, aliyoisahau ndiyo miti. Sielewi. Nimechagua mkavu mmoja ulionyooka, ambao kilele chake ngazi ya kanisa haikukifikia. Bwana misitu anasema vidukari hufyonza majani, mbao havizigusi. Nimemwamini, maana hapo hakuwa na faida yoyote.

Baridi ya huku inanifanya nitamani blanketi letu, na wewe ndani yake. Mengine siandiki, kadi hii itasomwa na posta ya Musoma na kisiwa kizima.

Baba Wegesa