Kumuuguza Waziri

Tororo, Jumatatu 10 Februari 2025

Dada yangu Taaka,

Natumaini u mzima hapo Masinya na shamba umeanza kulilima. Simu zangu hupokei tangu tumzike Mama, ndiyo maana nimemtuma Paddy na boda yake.

Ndani ya boksi yumo sungura wangu, Waziri. Usicheke. Leo asubuhi daktari wa mifugo amemhasi, maana alikuwa anakojolea makochi yote na kuning'ata. Nami nina semina ya kazi wiki nzima, tunalala hukohuko hotelini. Nikiwaachia majirani, nitakuta mchuzi.

Tafadhali alale ndani, pakavu, juu ya taulo, si juu ya maranda ya mbao. Yataganda kwenye kidonda. Asirukeruke. Kitazame kidonda asubuhi na jioni, kama kimevimba au kinatoa usaha. Dawa ya maumivu iko kwenye kichupa. Kubwa zaidi ni kula: sungura akikaa siku nzima bila kula, tumbo linasimama, anakufa. Mlishe nyasi kwa mkono, umbembeleze.

Niandikie kila siku. Sitapata usingizi bila habari zake.

Mdogo wako,
Harriet

Masinya, Jumanne 11 Februari

Mdogo wangu Harriet,

Salamu nyingi. Sisi wengine hatujambo, ila mgonjwa. Waziri hajala kitu tangu jana. Nimembembeleza, akageuzia uso ukutani. Nikimshika anatetemeka, kwa hiyo nimemfunika khanga yangu. Njoo umwone.

Dada yako,
Taaka

Masinya, Jumatano 12 Februari, asubuhi

Mdogo wangu Harriet,

Habari za huko? Za hapa si nzuri. Waziri bado hali. Kidonda kimevimba na leo kimeanza kutoa usaha. Kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa, nafikiri anakungoja wewe. Njoo, hata kwa saa moja tu.

Dada yako,
Taaka

Masinya, Jumatano hiyohiyo, mchana

Mdogo wangu Harriet,

Karibu, na pole kwa safari. Jirani yangu Annet, aliyekupa barua hii, atakupa na chai. Mimi nimekwenda Sikuda na sirudi mpaka uondoke.

Waziri ni mzima kabisa. Tangu Jumatatu anakula kunishinda mimi, choo anapata, kidonda kikavu. Nimefuata karatasi yako neno kwa neno. Kuuguza ninakujua.

Zile barua mbili hazikuwa zake. Mwezi wa tano mwaka jana, Mama alipopasuliwa tumbo, nilikutumia meseji kila siku, siku kumi na tisa, mpaka akafa. Juzi nilifungua simu yangu, nikanakili mbili kati ya hizo, nikatoa "Mama" nikaweka "Waziri". Hukuzitambua hata kidogo.

Wakati ule ulinijibu mara moja tu: kazini hakuna ruhusa. Leo ruhusa umeitoa wapi? Paddy amenipigia simu, anasema umetoka semina mbio na viatu vya ofisini, unamlilia, "Paddy, kimbiza, sungura yangu anakufa!" Mama alikuwa wa nani? Kutoka Tororo hadi hapa ni mwendo uleule. Ulikuja kuzika tu, ukalia kuwashinda wote, watu wakakupa pole wewe.

Nilitaka uonje siku mbili tu. Nimefurahi, sitakudanganya.

Dada yako,
Taaka

Tororo, Jumapili 16 Februari

Dada Taaka,

Natumaini u mzima. Mimi siumwi, lakini si mzima.

Nimezitafuta zile meseji kwenye simu yangu, sina hata moja. Nilizifuta zote mwaka jana; baada ya ile niliyokujibu sikufungua nyingine. Ruhusa sikuomba, nilikudanganya. Niliogopa, dada. Niliona nisiposoma, Mama hatakufa.

Umeniumiza na nilistahili. Sasa naomba kitu kimoja: nitumie zote kumi na tisa, zikiwa na jina la Mama. Nataka kujua alivyokaa siku zake za mwisho, alisema nini, aliniuliza au hakuniuliza. Ni wewe peke yako unayejua.

Mdogo wako,
Harriet

Masinya, Jumatano 12 Machi

Mdogo wangu Harriet,

Natumaini mnaendelea vizuri, wewe na Waziri wako. Huku mvua imenyesha, nimepanda maharage.

Samahani kwa kukawia. Barua yako Paddy aliileta kesho yake, Jumatatu. Niliisoma mara mbili. Kisha nikakaa kwenye kitanda cha Mama, nikazisoma meseji zote kumi na tisa kwa sauti, kuanzia ya kwanza. Nililia mpaka Annet akaja kugonga mlango.

Alipoondoka nikazifuta, moja moja, mpaka ikaisha ya mwisho. Alikuuliza au hakukuuliza, hutajua. Siku zile uliniachia peke yangu Mama akiwa hai, na sasa nimezichukua zote.

Dada yako,
Taaka