Waya Mnene wa Mwalimu Komora

Baba Hadasa wangu,

Sijui kama huko uliko barua husomwa, lakini mimi nimeshindwa kukaa. Tangu asubuhi nimefagia uwanja mara mbili, nimeteleka chai nikaisahau hadi ikakauka. Hata sala nimeianza nikaiacha katikati, na wewe unajua mimi si mtu wa kumwachia Mungu maneno nusu. Mashine yako ya kurekodi iko hapa mezani. Alhamisi natakiwa niitumie bila wewe.

Unakumbuka ulivyonifundisha nyaya? Nilikuwa nakucheka, nikisema waya ni waya. Ukachukua mbili mbovu ukazipasua kwa kisu cha samaki. "Mama Hadasa, tazama. Huu mwembamba una uzi mmoja wa sauti, na ganda lake ndiyo njia ya kurudia. Ukiwa mfupi, hapa redio hapa spika, hauna neno. Ukiuvuta mrefu, unaokota kila mngurumo wa njiani." Kisha ule mnene, wa plagi ya meno matatu: ndani nyuzi mbili, zote zinabeba sauti ileile, ila katika mmoja imegeuzwa kinyume. Kelele ikiingia njiani inaziingia zote mbili sawasawa. Mwisho wa safari mashine inaugeuza tena ule uliogeuzwa, basi sauti zinaungana na kelele zinauana.

"Zinauana zenyewe?" nikauliza.

"Zenyewe. Laiti kwaya yetu ingekuwa hivyo."

Ule waya mnene uliupenda kuliko viatu vyako vya kanisani.

Basi niseme. Wiki ile ya mafuriko ulitangulia Tarasaa kututafutia pa kukaa, nami nikabaki kijijini kwetu Hewani na watoto. Maji yalipoingia jikoni, mtumbwi wa jirani ulikuwa unaondoka na kamba sina. Nikafunga magodoro kwa waya wako mnene. Tulipofika nchi kavu mafundo yalikuwa yamekaza hayafunguki, nikayakata kwa panga. Vipande nikavitupa mtoni.

Ulipouliza, nilinyamaza. Ukajijibu mwenyewe: "Basi niliusahau kwa Mwalimu Komora, siku ile nilipoirekodi kwaya yake." Nami nikasema, "Labda." Neno moja tu.

Ndipo tukaenda na waya mwembamba kwa yule mzee mfugaji wa Kiorma. Yeye peke yake ndiye aliyebaki anayezikumbuka malka zote, zile njia za ng'ombe kushuka mtoni, ipi inapita wapi na shamba linaanzia wapi. Wakulima na wafugaji walikubaliana maneno yake yawekwe, watu wasije wakagombana tena. Mzee akataka akae nje awaone ng'ombe wake. Mashine yako ikabaki ndani ya duka la unga kwa sababu ya vumbi, na waya tukauvuta kando ya ukuta, sambamba na ule wa umeme wa mashine ya kusaga. Ulipovaa visikilizio, uso wako ukabadilika. Ukamwomba mwenye duka azime. Akakujibu, "Watu wamepanga foleni ya unga, bwana." Na mzee alikuwa ameshaanza, na mzee kama yule hakatizwi.

Tulipowasikilizisha wazee wa pande zote mbili, kila jina la mahali lilikuwa limezama kwenye mngurumo. Mmoja akasema, "Tumeitwa kusikiliza nyuki?"

Uliona haya, baba. Ukasimama ukasema mbele yao wote, "Waya mzuri upo. Mwalimu Komora ameukalia." Tangu siku hiyo hukumsalimia hata mlangoni mwa kanisa. Watu wakalidaka neno, na kwaya ikapewa mwalimu mwingine. Mimi nilikaa hapo ubavuni mwako nikiimba. Ukafa umemkunjia uso.

Sasa mzee amekubali kurudia. Kifua chake kimechoka, ataweza mara moja tu. Wameniita mimi kwa kuwa ndiye niliyekushikia nyaya, na huku kwetu mwenye waya mnene ni Mwalimu Komora, wake mwenyewe, alioununua zamani.

Jana nilikwenda kwake. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, hakuacha kupukuchua.

"Mumeo alinitaja mbele za watu," akasema. "Wewe unaniambia hapa, tuko mimi na kuku."

Nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe, mama. Waya ule pale, chukua. Lakini kanisani bado mimi ni mwizi."

Hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti. Nikisimama Jumapili, watu watasema Baba Hadasa alimsingizia mtu akaenda nalo kaburini. Watakutaja wewe kabla ya kunitaja mimi, na wewe huwezi kusimama ujitetee. Nimejiambia ningojee kwanza Alhamisi ipite. Kisha nikajiambia, "labda" ile ilianza hivihivi.

Leo nimempigia mchungaji anitengee nafasi kabla ya matangazo. Nitasema ni mimi. Nitasema wewe ulimwamini mkeo, na hapo ndipo ulipokosea. Wakikutaja, wakutaje kwa hilo.

Lala salama, mume wangu. Mwombee mzee pumzi ya siku moja, na mimi nimalize kusema kabla sijakaa.

Ni mimi niliyekunyamazia,
Mama Hadasa